Mzinga na Mpagazi: Jinsi Vita Vilivyobadili Silaha na Mbinu Afrika Mashariki

Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ambayo wageni wengi huipita wakikimbilia kutazama bahari. Mmoja ulitoka katika meli ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, wa pili katika manowari ya Kiingereza, Pegasus. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, mara Königsberg ikatokea na kuifyatulia mpaka ikazama. Leo mizinga ya mahasimu hao imekaa pamoja kwenye ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, zaidi ya miaka 300 kabla ya mizinga yenyewe kutengenezwa.

Mzinga wa Königsberg una kisa kirefu. Uliundwa ukae juu ya sitaha na kupiga meli nyingine kutoka mbali. Meli yake ilipoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, Wajerumani walirudi kwenye mabaki, wakaing'oa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam ikaundiwa magurudumu, kisha ikaingia vitani bara. Walioandika juu ya vita vile waliwasifu sana mafundi wa karakana, nao walistahili sifa. Lakini mzinga haukujipeleka bara. Ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu, katika matope na vilima, kuvuka mito isiyo na madaraja, na majina ya watu hao huyakuti kwenye vitabu vinavyousifu mzinga.

Hapo ndipo ninapotaka makala hii isimame. Historia ya vita tumezoea kuisoma kwa majina ya silaha: gobore, bombomu, ndege, kifaru, kombora. Kila silaha mpya iliyoingia Afrika Mashariki ilifika na sifa ya kwamba sasa ubishi umekwisha. Nimezifuatilia vita hizo moja baada ya nyingine, na karibu kila mara nimekuta ubishi umeamuliwa na mambo ya kale kabisa: nani ana chakula, nani ana watu wa kubeba, na nani anaijua nchi.

Ngome yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Wareno walipofika pwani hii kwa mizinga ya melini, miji ya Waswahili haikuwa na kinga dhidi yake. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga na kuipora Kilwa, kisha Mombasa. Nyumba za mawe zilizojengwa kwa ajili ya heshima na ubaridi hazikujengwa kupokea risasi za chuma. Lakini mzinga ni silaha ya kila mwenye fedha, na Wareno walijua kwamba Waturuki na Waarabu nao wanao. Ndiyo maana walimpa kazi Giovanni Battista Cairati, mjenzi kutoka Milano, achore ngome ya namna mpya iliyozaliwa na vita vya Italia. Ukizitazama kuta za Fort Jesus kutoka upande wa mji utaona hazikunyooka: buruji zimechomoza kwa pembe, kila moja inaona ubavu wa mwenzake, hivyo hakuna mahali ambapo adui anaweza kujibanza chini ya ukuta bila kupigwa kutoka pembeni. Kuta ni nene, na matumbawe yake ni laini kidogo, hupokea risasi bila kupasuka vipande.

Ilifaa? Ilifaa, mpaka Waomani walipokuja Machi 1696 na kuizingira. Hawakuwa na haja ya kuibomoa. Walikaa. Mzingiro ulidumu hadi Desemba 1698, miezi 33, na ndani ya kuta zile imara watu walikufa kwa njaa na maradhi hata wakabaki walinzi wachache mno wa kushika buruji nne. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 na mabaki yake yangali chini ya maji. Ukuta uliushinda mzinga, njaa ikaushinda ukuta.

Kwa karne moja na nusu iliyofuata silaha za moto zilibaki mambo ya pwani. Bara ilibadilika kwa njia nyingine, na mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliotembea kwa miguu kutoka kusini kabisa mwa Afrika. Wangoni wa Zwangendaba, waliokimbia vita vya Shaka, walivuka Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa miaka ya 1840. Walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea, ngao kubwa, na vikosi vya vijana wa rika moja waliozoezwa kuzunguka adui kama pembe za ng'ombe. Kabla yao, mapigano mengi ya bara yalikuwa ya kurushiana mikuki na mishale kutoka mbali. Wangoni waliwafundisha majirani zao, kwa gharama ya damu, kwamba vita vinaweza kuwa vya ana kwa ana na vya nidhamu. Wahehe chini ya Munyigumba waliyashika mafunzo hayo vizuri kuliko wote, wakayatumia dhidi ya Wangoni wenyewe.

Gobore liliingia bara kwa wingi kwa sababu ambayo wala haikuwahusu watu wa Unyamwezi. Ulaya miaka ya 1860 na 1870 ilipigana vita vikubwa, na majeshi yake yakatupa bunduki za kushindilia baruti mdomoni yakachukua zile za kupakia risasi kwa nyuma. Prussia ilipoishinda Ufaransa mwaka 1871, silaha kuukuu za bara zima zilihitaji soko. Soko likawa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia kila mwaka. Takataka za vita vya Ulaya ndizo zilizomjenga Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, na wapiganaji wake, rugaruga, ndizo zilizowalinda wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na ndizo zilizowatisha wakulima wakahamia vijiji vyenye maboma ya miti. Gobore lina kasoro zake: hupakiwa polepole, mvua huliharibu, na moshi wake humwonyesha mpigaji alipo. Mirambo alizijua kasoro hizo. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora, pamoja na Henry Stanley, walipomwendea kwa bunduki nyingi, aliwaachia boma waliteke na kulipora, akawavizia njiani wakirudi na mizigo yao.

Ulaya ilipotambua ilichokiuza, ilifunga mlango. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Kuanzia hapo Mwafrika alibaki na gobore, na Mzungu akaja na kitu kingine.

Kitu hicho kiliundwa London mwaka 1884 na Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Bunduki yoyote ikifyatuliwa hupiga teke nyuma begani. Maxim alilikamata teke hilo, akalifanya lifungue kiwambo, litupe ganda tupu, livute risasi nyingine kutoka mkanda na kuifyatua, na mchezo uanze upya. Mtu mmoja ashike kidole tu. Risasi zipatazo 600 kwa dakika, mtutu ukipozwa kwa maji ndani ya bomba nene la chuma. Pwani yetu waliiita bombomu, kwa mlio wake.

Hata hivyo, safari ya kwanza kubwa ya jeshi la Kijerumani kwenda kwa Wahehe iliishia Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la koloni, alikuwa anapita bonde lenye vichaka karibu na Iringa ya leo. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 13, askari wapatao 320 na wapagazi 170, wote wamejipanga mstari mmoja mrefu kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Silaha nzito zilikuwa zimefungwa juu ya punda. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala kwenye nyasi na nyuma ya mawe, mikuki mkononi. Walipoinuka hawakuwa mbali kiasi cha kupigwa mara mbili. Askari wengi walifyatua risasi moja, wachache wakafyatua ya pili, kisha mkuki ukafika. Baada ya dakika chache Zelewski alikuwa amekufa pamoja na Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200. Watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliokota bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu.

Lugalo inastahili kusomwa polepole katika kila chuo cha kijeshi. Wahehe hawakuishinda bunduki kwa ushujaa peke yake. Waliishinda kwa kuelewa inavyofanya kazi. Bunduki ya haraka inahitaji umbali na muda. Wao walimnyima adui vyote viwili. Mbinu ya Kingoni ya kumfikia adui ana kwa ana, iliyozaliwa kwa Wazulu dhidi ya mkuki wa kurusha, ilikutana na ardhi ya Uhehe na kuwa jibu la silaha ambayo Shaka hakuwahi kuiota.

Na baada ya hapo, Mkwawa akakosea. Nalisema kwa huzuni kwa sababu ni mtu ninayemheshimu. Ushindi wa porini alipaswa kuufuatisha na vita vya porini, lakini aliweka tumaini lake katika ukuta wa mawe wa Kalenga. Jina Iringa lenyewe latokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Ukuta ule ungemzuia Mngoni yeyote. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alikuja na mizinga, akaipiga Kalenga, askari wakaingia. Kile ambacho Wareno walikijua Mombasa miaka 300 nyuma, kwamba ukuta uliosimama wima ni shabaha nzuri ya mzinga, Kalenga ilikijua siku ile.

Aliponusurika alirudi kwenye mbinu yake ya kwanza, na hapo akawasumbua Wajerumani kwa karibu miaka minne mingine akiwa na watu wachache. Nao walijifunza. Waliacha misafara mirefu, wakajenga boma Iringa na kumweka afisa wao Tom Prince, wakatuma vikosi vidogo vyepesi, wakateketeza mashamba ili anayemlisha Mkwawa afe njaa pamoja naye. Alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Vingojeeni hivi viwili, kikosi kidogo chepesi na shamba lililochomwa moto, kwa maana vitatawala kurasa zote zinazofuata.

Unguja nako, mwaka 1896, ulionekana upande wa pili wa hesabu: mahali ambapo silaha mpya iliamua kila kitu. Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Saa tatu na dakika mbili asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari zilianza kupiga kasri la pwani, na kwa dakika zipatazo 38 vita vikawa vimekwisha. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa sultani. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kasri lilikuwa ukingoni mwa maji, meli ziko mbele yake kama zimeegeshwa. Hapakuwa na pori la kujificha, wala njia ndefu ya kubeba risasi. Pwani yenye bandari nzuri ilikuwa mateka wa bandari hiyo.

Julai 1905 watu wa vilima vya Umatumbi waling'oa mipamba waliyolazimishwa kulima, na Maji Maji ikaanza. Kuhusu maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wengi husema yalikuwa udanganyifu kwamba risasi zitageuka maji. Mimi nayaona pia kama jibu la tatizo halisi la kijeshi. Wamatumbi, Wapogoro, Wambunga, Wangindo, Wangoni hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Anayetaka kuwapeleka vitani pamoja atawafunga kwa nini? Maji yalifanya kazi ya kiapo, ya bendera na ya amri ya jeshi. Kuyaita ujinga ni kutoelewa kilichowezekana kwa watu walionyimwa bunduki kwa mkataba wa kimataifa.

Kilichoshindwa ni upande ule mmoja ambao maji hayakuuweza. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu walilikabili boma la Mahenge mchana kweupe, wakapanda mteremko ulio wazi mbele ya bombomu mbili. Umbali na muda, vitu ambavyo Wahehe walimnyima Zelewski, hapa adui alipewa bure. Baada ya siku hiyo wapiganaji waligawanyika vikundi vidogo wakaingia msituni, na vita vikawa vya kuviziana hadi mwaka 1907. Gavana von Götzen alijibu kwa silaha ambayo haikuhitaji kiwanda: njaa. Vijiji vilichomwa, ghala zikamwagwa, mbegu zikaharibiwa makusudi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Kila tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Maiti wa njaa hawana tarehe.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa tayari limefunzwa na Waafrika. Lilikuwa na kombania ndogo zinazojitegemea, askari chini ya 200, bombomu zao, wapagazi wao, na uwezo wa kutembea mwezi mzima bila kuuliza makao makuu. Mpangilio huo haukutoka Berlin. Ulitoka Uhehe na Umatumbi. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliukuta, akautumia kwa ustadi, na sifa zote akapewa yeye.

Waingereza waliufahamu kwa uchungu huko Tanga. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 walianza kushusha Ras Kasone jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000. Lettow alikuwa na kama 1,000, wengi waliletwa kwa reli kutoka Moshi, reli ikifanya kazi ambayo miguu ingeifanya kwa wiki nzima. Askari wake wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi inayofuka wingu la moshi kila ifyatuliwapo. Kwa vipimo vya Ulaya ilikuwa kitu cha makumbusho. Jenerali wa Waingereza, Aitken, hakupeleleza njia, akapeleka watu wake katika mashamba ya minazi na mpira na vichaka vizito, wasionane wala kujua adui yuko wapi, na bombomu zikawapokea.

Hapo tena nyuki wakaingia. Risasi zilipasua mizinga iliyotundikwa mitini na nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili; Waingereza wengine waliamini Wajerumani wamewapanga makusudi. Kiswahili huita gogo lililotobolewa la kufugia nyuki na silaha ya kufyatulia makombora kwa neno moja, mzinga, na siku ile Tanga yote mawili yalikuwa uwanjani. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha mamia ya bunduki, bombomu kadhaa na risasi 600,000, ambazo Lettow alizitumia dhidi yao kwa miaka. Tom Prince, yule wa boma la Iringa, alikuwa miongoni mwa waliokufa upande wa Wajerumani.

Tekinolojia mpya za Vita Vikuu zilikuja kwetu moja baada ya nyingine, na kila moja ilikutana na ardhi. Huko Rufiji ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliielekeza mizinga ya Severn na Mersey, meli bapa zilizoweza kuingia maji mafupi, mpaka Königsberg ikaangamia Julai 1915. Hii ilikuwa kazi safi ya karne mpya: rubani anaona, anatuma ishara kwa redio, mpigaji asiyeona shabaha anasahihisha. Wajerumani waliipeleka Kigoma meli nzima, Graf von Götzen, ikiwa vipande katika masanduku yapatayo 5,000. Waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, ikaopolewa mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba tunayoijua. Novemba 1917 puto kubwa la injini, L59, liliruka kutoka Bulgaria likiwa na tani 15 za shehena kwa ajili ya Lettow, likafika anga za Sudan, likaamriwa kurudi. Lilikaa angani saa 95 likaenda kilomita 6,757, na halikumfikishia askari hata risasi moja.

Mwaka 1916 Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, aliingia kutoka kaskazini na maelfu ya wapanda farasi, malori na ndege. Mbung'o waliwaua farasi kwa makumi ya maelfu. Mvua za masika ziliyameza malori. Kilichobaki ni mabega ya watu.

Tuifanye hesabu pamoja, maana jenerali yeyote aliyepigana hapa aliifanya usiku akakosa usingizi. Mpagazi hubeba kama kilo 25. Akila kilo moja ya unga kwa siku, na akipewa unga tu abebe, basi akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi amekula karibu mzigo wote na hajamfikishia askari chochote cha maana. Kwa hiyo ili askari mmoja mbele ale na apate risasi, walihitajika wapagazi wengi nyuma yake, na nyuma yao wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Kadiri jeshi lilivyosonga kusini ndivyo mkia ulivyorefuka. Waingereza waliandikisha, wengi kwa nguvu, watu wanaokaribia milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 95,000, na wengi hawakuandikwa. Hawakuuawa na bombomu. Waliuawa na kuhara damu kwa sababu ya unga mbaya usioiva, na nimonia ya mvua bila blanketi, na malaria, na uchovu. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, palibaki njaa ambayo wazee waliiita Mtunya.

Upande wa Lettow mzigo ulikuwa uleule, hata kama vitabu vya Ulaya hupenda kumchora kama shujaa wa msituni. Wanaume kwa wanawake walibeba, walipika, walizaa njiani, na mahali alipopita palibaki patupu. Alijisalimisha Mbala tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, na karibu bunduki zote walizokabidhi askari wake zilikuwa za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Kwa miaka minne alikuwa ameendesha vita, na mwishowe kwa maghala ya maadui zake.

Vita vya pili vya dunia viligeuza jambo moja kubwa. Vijana wa Keya, yaani King's African Rifles, walipopigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, mvua ilikuwa kama ya Rufiji na matope yaleyale, lakini chakula chao kilidondoshwa kwa ndege. Huko askari Mwafrika aliona jeshi linalokula kutoka angani. Aliona pia Mzungu akifa, akiogopa, akishindwa na Mjapani. Waruhiu Itote alikuwa Burma. Misitu ya Mlima Kenya ilimjua baadaye kwa jina la Jenerali China. Humo wapiganaji wa Mau Mau, walioasi dhidi ya Waingereza Kenya miaka ya 1950, walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira wa tairi, silaha ambayo wakati mwingine ilimuumiza mwenyewe. Waingereza walirusha juu ya misitu hiyo ndege za Lincoln, zilizoundwa kubomoa miji, na mabomu yakaangusha miti na kuua wanyama. Kilichoubana msitu ni kile cha Uhehe kikiwa kimevaa nguo mpya: kuwatenga watu na wapiganaji, vijiji vya kulazimishwa vilivyozungukwa na mahandaki, chakula chini ya ulinzi.

Kisha Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wa Tanzania, na mapema Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Tanzania ilikusanya mgambo, mabasi na malori ya raia yakapelekwa mbele, mto ukavukwa kwa daraja la muda. Silaha ambayo watu wa Uganda hawakuisahau ni BM-21, lori la Kirusi lenye mitutu 40, linalomwaga makombora yote kwa sekunde kama 20 umbali wa kilomita 20. Ni mjukuu wa Katyusha iliyozaliwa mwaka 1941 katika vita vya Urusi na Hitler. Waganda waliiita Saba Saba, na kwa wengi mlio wake ulitosha kuondoa kikosi.

Lakini Lukaya, Machi 1979, pande zote mbili zilikuwa na makombora hayo, kwa kuwa Libya ilimletea Amin majeshi na silaha. Usiku wa kwanza ni brigedi ya Tanzania iliyorudishwa nyuma kwa vishindo vyake. Asubuhi mambo yaligeuka, kwa sababu Brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka mbali na kutokea ubavuni mwa Walibya, ambao walikuwa na magari mazuri na barabara moja tu ya kuyaendesha kati ya matope. Ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyotumwa kuipiga Mwanza ilimwaga mabomu kisiwa cha Saanane, ikaua wanyama. Watanzania waliiteka Kampala tarehe 11 Aprili, na sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa imetembea kutoka Kagera, ikaendelea kutembea hadi mpaka wa Sudan.

Dar es Salaam katikati ya mji imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, shaba yenye bunduki na singe, ikielekea bandarini. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini juu ya jiwe hayupo hata mmoja. Nairobi walimpa nafasi: kwenye sanamu za Kenyatta Avenue mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwetu amebaki katika jina la mtaa. Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ikitamkwa kwa ulimi wa watu waliokaa kwenye kambi yake, na kila siku maelfu hupita hapo na mizigo kichwani na kwenye mikokoteni bila kuambiwa. Katika soko la hapo, lililoungua mwaka 2021, mahali pa jiwe moja patatosha: mtu aliyeinama, kamba begani, na nyuma yake gurudumu la mzinga wa Königsberg. Wenye mamlaka ya mji, wahifadhi wa makumbusho na wafanyabiashara wa Kariakoo, nawaomba mliweke.